Mabati Juu ya Shimo

Ploti yetu iko Umoja Innercore, na giza lake nililileta mimi. Wapangaji wapya walidhani fundi alikosea ramani, wengine wakasema ndivyo zilivyo nyumba za siku hizi, nami nikawaacha waseme. Keateka alijua ukweli, lakini keateka analipwa na sisi.

Mpita njia huona orofa tano za mawe, roshani za vyuma zilizojaa nguo, kinyozi na duka la M-Pesa chini. Asichokiona ni shimo. Katikati ya jengo huachwa nafasi wazi tangu sakafu ya chini hadi paani, na vile vyumba vya ndani, ambavyo havina hata ukuta mmoja unaotazama nje, hufungulia milango na vidirisha vyao hapo. Humo ndimo hewa inamopitia, pamoja na harufu ya omena na redio za watu watano kwenye stesheni tano. Letu lina upana wa kama mita 2 na kimo cha mita 15 hivi. Chini kuna bomba, karo na mtaro, na mtu akisengenya pale huku anafua, orofa ya nne wanapata habari yote bila yeye kupaza sauti.

Umoja haikuanza hivi. Ilijengwa miaka ya 1970 na Halmashauri ya Jiji kwa mkopo wa Marekani, nyumba za chini zenye nyua ndogo, za wafanyakazi wa kipato kidogo. Mamangu alinunua moja, akatulea humo, na mkopo wa Sacco ulipokubaliwa akaivunja akaenda juu kama majirani. Simlaumu. Ukienda Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, bado utakuta nyumba fupi zikizunguka viwanja vya nyasi na jua likiingia hadi jikoni; lakini kodi ya nyumba fupi haisomeshi watoto wanne. Kila orofa aliyoiongeza iliipunguzia mwanga ile ya chini yake, na mama alilijua hilo. Ndiyo maana fundi mmoja alipomshauri alijaze shimo vyumba, chumba kimoja kila orofa, alikataa. “Hapo ni pa jua,” akamwambia, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilikuwepo. Nilidhani mama hajui hesabu.

Alipofariki, ploti ikawa mikononi mwangu.

Masika ya 2018 yalikuwa makali nchi nzima. Maji yalimiminika shimoni yakafurika korido ya chini, viatu vikaelea, na wapangaji wakalalamika kwa haki kabisa. Nikamwita mzee fundi aliyewahi kufanya kazi na mama. Akapima kwa macho, akaniambia, “Kijana, funika, lakini weka hata mawili ya kuangaza. Na uyainue kidogo hewa ipite.” Mabati ya kuangaza ni yale ya plastiki, na bei yake ilikuwa juu kuliko ya kawaida. Haikuwa juu sana. Tofauti yenyewe ningeilipa kwa nyama choma ya Jumamosi moja. Nikasema hapana. Hata hayo ya kawaida sikununua mapya. Nilipata yaliyotumika, yaliyobomolewa kwenye banda la mtu Kariobangi, yakiwa bado na matundu ya misumari ya kazi yake ya kwanza. Mzee aliyapigilia akiwa amenuna. Aliyainua kama alivyosema, kwa hiyo hewa ilipita. Mvua ilidondoka tone mojamoja kwenye yale matundu, lakini mafuriko yakaisha, na wapangaji wenyewe wakanishukuru. Shukrani hiyo niliitumia kama kinga kwa miaka miwili.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Kwetu stima iko ndani ya kodi. Mita ni moja na tokeni nanunua mimi. Baada ya mabati bili ilipanda, kwa sababu watu wa vyumba vya ndani sasa waliwasha balbu mchana, na wangefanyaje? Nikamwagiza keateka awe anazima swichi kuu ya vyumba hivyo saa moja asubuhi na kuiwasha saa kumi na mbili jioni. Malandilodi wengi wa Eastlands hufanya hivyo, nami nikajificha kwenye huo wingi. Kwa wapangaji nilisingizia watu wanaochemsha maji kwa koili. Koili zilikuwepo, ni kweli, lakini hazikuwa ndizo zilizoniuma. Kilichoniuma ni kulipia mwanga ambao zamani nilikuwa siulipii.

Tarehe 15 Machi 2020 ikatangazwa kwamba shule zinafungwa kwa sababu ya korona. Watoto waliozoea kutoka alfajiri na kurudi magharibi wakabaki nyumbani kutwa, na kwenye vyumba vyetu vya chini kutwa ilikuwa usiku. Mama mmoja wa chumba cha ndani, aliyekuwa akifulia watu nguo Buruburu kabla korona haijawatia watu hofu ya kufuliwa, alinikuta langoni siku ya kukusanya kodi. Alinisalimia vizuri, akaulizia watoto wangu, ndipo akasema, “Landilodi, nakuomba utuachie stima mchana, hata masaa mawili tu. Msichana wangu yuko darasa la sita. Masomo yanakuja kwa redio, lakini haoni anachoandika.”

Nilimjibu, “Mama, mchana ni jua. Mtoto aende akasomee nje.”

Nje wapi? Siku zile tangazo lilikuwa moja tu, kaeni nyumbani. Na jua ninalomwambia mtoto aliendee, mimi ndiye niliyelipigilia mabati. Mama hakunijibu kitu. Alitoa pesa ya kodi aliyokuwa nayo, pungufu, akaniomba nimvumilie salio.

Kisha korona ikanifikia mimi. Ofisi ya ziara za watalii niliyokuwa nikifanyia kazi ilitupa likizo isiyo na mshahara, na nyumba niliyopanga Donholm ikanishinda. Nairobi ilipofunguliwa Julai nikaipeleka familia ushago, mimi nikahamia ploti, kwenye chumba cha ndani cha chini. Ndicho pekee kilichokuwa kitupu, na kilikuwa kitupu kwa sababu kila aliyeoneshwa alisimama mlangoni kidogo, akasema atapiga simu.

Sikujua chochote kuhusu giza hadi nilipolala mchana kwenye giza langu mwenyewe. Unaamka na hujui kama ni saa mbili au saa nane. Maharagwe huwezi kuchambua, kwa hiyo unatafuna mawe. Chai huijui kama imekolea mpaka uionje. Tochi ya simu inamaliza chaji, na chaji utaipata jioni, kwa amri yako mwenyewe. Nguo haikauki ndani, godoro linaota ukungu upande wa ukutani, na kikohozi cha jirani unakijua kwa jina. Robert Koch, Mjerumani aliyetambua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alieleza miaka michache baadaye kwamba jua hukiua. Mamangu hakumsoma Koch, lakini alikuwa na tabia ya kuanika magodoro. Ningeweza kumwambia keateka aache swichi yangu. Niliona aibu, maana ningekuwa nimekubali kwamba kuna tatizo.

Mwishoni mwa Septemba nilikuwa nimeketi mlangoni, mchana, nikisikiliza watu wakigombania zamu ya bomba, nikaona kwenye simenti ya chini ya shimo mstari wa maduara meupe. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa kisahani cha chai, kingo laini, yakiwa yamepangana kama vile mtu ameyapima. Pembeni yake alichutama yule msichana wa darasa la sita, chaki mkononi, akizungushia duara moja mstari. Karibu yake kulikuwa na duara jingine la chaki, tupu, na jingine kabla ya hilo. Kando ya kila moja ameandika saa.

Nikamwambia, kwa sauti ile ya mtu mzima anayefundisha, kwamba hayo ni matundu ya misumari, mwanga unapita kwenye tundu la mviringo na kuchora mviringo.

“Hapana,” akasema, bila kuinua macho. “Hilo ni jua.”

Nikacheka. Akaniuliza kama nimewahi kuyaona hayo matundu yenyewe. Sikuwa nimeyaona. Nikapanda ngazi hadi paani, nikainama juu ya mabati niliyoyanunua, na kweli, hakukuwa na tundu hata moja la mviringo. Misumari ilikuwa imeng’olewa kwa nguvu, bati limeraruka. Mengine ni pembetatu, mengine ni kama mdomo uliopasuka. Nikapaza sauti chini nikamwambia nimeshindwa. Naye akaanza kuniamrisha. Ziba moja kwa kidole. Nikaziba; akapiga kelele kwamba limezimika. Sasa ziba nusu tu. Nikasogeza kidole, nikaacha nusu ya tundu wazi, nikingoja kusikia kwamba chini sasa kuna nusu duara.

“Bado ni duara zima!” akasema. “Limefifia tu!”

Nikabaki pale na kidole juu ya bati la moto, na nakiri kwamba nilisikia vinyweleo vikisimama. Nilikuwa nimekata mwanga nusu, na umbo lake halikukatika. Tundu dogo kwenye giza huchora picha ya kile kinachong’aa upande wa pili, na upande wa pili kulikuwa na kitu kimoja tu. Kwa kimo cha mita 15 picha ya jua huwa na upana wa sentimita 14 hivi, kwa sababu jua liko mbali nasi mara 107 hivi ya upana wake. Hesabu hiyo niliifanya usiku stima iliporudi. Siku ile nilishuka ngazi mbio, mtu mzima mwenye familia, kwenda kuangalia.

Duara lilikuwa likitembea. Ukilikazia macho unaliona likiteleza kwenye simenti. Kwa muda wa dakika mbili linahama upana wake wote, kwa sababu dunia inazunguka na ploti yetu imo ndani ya mzunguko huo, pamoja na karo na jerikani. Kisha likapita wingu. Tukaliona wingu lenyewe ndani ya duara, ukingo wake uliochanika ukilila jua kutoka upande mmoja. Wingu la kweli huko juu lilikuwa linakwenda upande wa kinyume, maana picha ya tundu huja imepinduka. Mwanga ule ulikuwa umetoka kwenye jua dakika nane na zaidi kidogo zilizopita, wakati mimi bado nimeketi mlangoni nikijihurumia, ukapita anga yote ile bila kuguswa na chochote, na kizuizi chake cha mwisho kilikuwa ubahili wangu. Ulipita mahali ambapo ubahili huohuo ulinunua bati bovu.

Msichana alijuaje? Aliniambia ni tangu Juni. Asubuhi ya Jumapili, 21 Juni 2020, jua lilipatwa; huku kwetu lilimegwa tu, na wakati wa kilele mawingu yakaziba kwa muda. Watoto walikuwa juu paani kwenye kamba za nguo, na dada mmoja wa orofa ya tatu akashika chujio la plastiki, lile la kuoshea mboga, akalielekeza ukutani. Kila tundu la chujio likatoa hilali. “Matundu hayakuwa hilali,” akasema yule mtoto. Kutokana na hilo akajua mengine yote. Miaka elfu moja iliyopita Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanyia kazi zake Cairo, aliandika risala nzima juu ya umbo la kupatwa kwa jua kupitia tundu dogo. Msichana huyu alikuwa na chujio, na redio ya simu iliyochajiwa usiku.

Yale maduara hayakai. Nairobi iko nyuzi 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, siku chache kabla ya mlingano wa usiku na mchana wa Machi na siku chache baada ya ule wa Septemba. Shimo jembamba kama letu huligusisha jua sakafuni katika wiki hizo tu, na hata hapo kwa nusu saa hivi, Septemba kuanzia kama saa sita na dakika kumi. Utosi wenyewe wa Septemba ni saa sita na dakika 24, si saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu hufuata mstari wa nyuzi 45 ulio mbali mashariki mwetu. Miezi mingine jua huishia ukutani juu, orofa ya tatu au ya nne, na kinachofika chini ni ule mwanga wa kurudishwa na kuta. Mama alipaka kuta za shimo chokaa nyeupe kila baada ya mwaka. Hilo pia nilikuwa nimeliacha. Nilikuwa nikiliita gharama.

Siku hizo zilizofuata tulikuwa watu wa kungoja saa sita. Keateka alikuja, mama mmoja aliyekuwa bombani akaacha ndoo ijae ikamwagika, na mzee wa orofa ya kwanza, mlinzi wa usiku ambaye mchana hulala, aliamka akateremka na kikoi chake. Alikinga kiganja duara likakaa juu yake. Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nikitazama na kufurahi kama wao, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeyaweka yale mabati. Sikuwaambia. Nilijiona hata kama mwenye kustahili pongezi kidogo. Bila giza langu maduara yasingeonekana. Nimewahi kuwa mjinga, lakini huo ulikuwa ujinga uliovaa suti.

Baadaye nilisoma kitabu cha Marie Huchzermeyer, Tenement Cities, cha mwaka 2011, kinachoziweka ploti za Nairobi kando ya majumba ya kupanga ya Berlin ya karne ya 19. Katika Berlin ile, sheria ya mwaka 1853 ilitaka kila ua wa ndani uwe angalau mita 5.34 kwa 5.34, ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Mwanga uliingia kwa hisani ya zimamoto. New York nako sheria ya 1879 ilidai kila chumba kiwe na dirisha, na wajenzi wakatii kwa kuchimba mashimo membamba kati ya majengo, ambayo wapangaji waliyageuza jaa. Mwaka 1901 sheria mpya ikayakataza. Nilipima shimo letu kwa futi ya fundi. New York ya 1901 isingelikubali. Na bado mama aliliona ni pa jua, akalilinda na hicho kidogo, na mimi nikaja nikalifunika.

Kwa nini sikuyaondoa mabati Septemba ileile? Ningesema sikuwa na pesa, na ingekuwa kweli nusu. Kuyang’oa kungegharimu jasho la asubuhi moja. Lakini mvua za vuli zilikuwa zinakuja, na mabati ya kuangaza yalihitaji pesa niliyokuwa nikiingoja kwenye kodi za watu ambao nao hawakuwa na kazi. Swichi kuu, ambayo haikuhitaji hata shilingi, niliiacha vilevile. Niliweza kustaajabia mwanga saa sita mchana, na saa saba nikarudi kuwazimia watu stima.

Yule mama na binti yake walihama Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Walikuwa na deni la miezi kadhaa. Niliwaacha wapakie vitu kwenye mkokoteni, nikabaki na mtungi wao wa gesi kama dhamana. Aliyeniletea huo mtungi hadi mlangoni ni mtoto, kwa kuwa mamake hakutaka kuonana nami. Nilitaka kumwambia neno kuhusu maduara. Nikampa risiti.

Nilimrudia mzee fundi mwaka uliofuata. Hakunikumbusha aliyoniambia 2018, aliuliza tu, “Mangapi?” Nikamwambia yote. Akatoa mabati ya Kariobangi, akaweka ya kuangaza, na nikapaka kuta chokaa kama alivyokuwa akifanya mama. Kuzima swichi mchana nikakuacha, na hakuna aliyewasha balbu, hata bili ikashuka.

Vyumba vya ndani vilipobaki vitupu nikabandika karatasi langoni: Singo, maji, stima, mwanga wa kutosha. Na kodi nikaiongeza shilingi 500. Keateka aliniuliza hizo 500 ni za nini. Nikamwambia ni za mabati.

Mabati yalishajilipa zamani. Plastiki hiyo sasa imeanza kuwa ya manjano kwa vumbi na kinyesi cha njiwa, na itabidi ibadilishwe. Mtungi wa gesi ulikaa chini ya ngazi hadi nikaanza kuutumia mimi. Na zile 500, kila mwanzo wa mwezi, bado nazipokea.